Faili Lako Liko Wapi? Mazungumzo Kuhusu Maneno ya Kompyuta

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanafunzi wapya wa darasa la kompyuta katika kituo cha jamii cha makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Tunayachapa kwa ajili ya wakazi wote, hasa wale wasioweza kufika darasani. Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe jirani yako.



Leo hatutabonyeza kitu chochote. Leo tutajifunza maneno. Najua wengine mmekuja na hamu ya kuishika mashine mara moja, na mtaishika kuanzia kesho. Lakini asiyejua jina la kitu hawezi kukiulizia, na asiyeweza kuuliza hudanganywa kwa urahisi.

Wengi wetu tuliondoka nyumbani kwa haraka. Aliyembeba mtoto hakupata mkono wa kubeba cheti. Diploma ya Serikali ya Kongo, cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa, kadi ya chanjo ya mtoto: kila karatasi iliyobaki ina thamani kubwa kwa mwenyewe. Karatasi hizo zinalowa mvua. Zinaliwa na mchwa. Nyumba ikishika moto, zinateketea. Ndiyo maana watu wengi sasa wanazipiga picha karatasi zao na kuziweka katika kompyuta. Hilo ni jambo jema.

Lakini mtu akisema "cheti changu nimekiweka kwenye kompyuta", hajasema kitu bado. Ni sawa na kusema "nimekiacha kijijini" bila kutaja nyumba ya nani, chumba kipi, na ufunguo anao nani. Kwa hiyo nawaomba mshike maswali matatu:

Faili langu liko wapi? Nakala zake ni ngapi? Nani anaweza kuliona?

Kila neno nitakalolieleza leo litakusaidia kujibu mojawapo ya maswali hayo. Neno lisilosaidia tutaliacha kwa siku nyingine.

1. LUGHA TATU KATIKA MASHINE MOJA

Usiogope ukisikia watu wawili wakikiita kitu kimoja kwa majina mawili. Aliyesoma Bukavu, Uvira au Bujumbura alizijua kompyuta kwa Kifaransa. Hapa Uganda mashine nyingi zinazungumza Kiingereza. Sisi darasani tunaeleza kwa Kiswahili.

Kiswahili nacho kimefanyiwa kazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Nchini Kenya utakuta vitabu vya shule vinaiita kompyuta "tarakilishi". Maneno mengine yameshika, mengine bado. Sisi tutatumia yale ambayo watu wanayasema: kompyuta, skrini, faili, programu, flashi. Pale ambapo neno la Kiingereza au la Kifaransa limeandikwa kwenye skrini, nitalitaja kama lilivyo ili ulitambue ukilikuta.

2. VIFAA NA PROGRAMU

Kompyuta ina pande mbili. Upande wa kwanza ni vifaa, yaani vile vinavyoshikika kwa mkono. Upande wa pili ni programu, yaani maagizo yanayoviambia vifaa vifanye nini. Redio ni kifaa. Habari inayotoka ndani yake huwezi kuishika. Ni hivyo hivyo.

Vifaa utakavyoviona kwanza ni hivi. Skrini ni kile kioo kinachokuonyesha kazi yako. Kibodi ni ubao wenye herufi, kama ule wa mashine ya taipu. Kipanya ni kile kidude unachokisogeza mezani ili mshale usogee kwenye skrini. Printa ni mashine ya kutoa kazi yako kwenye karatasi. Na lile sanduku lililo chini au kando ya meza ndilo lenye moyo wa kompyuta. Katika laptopu, vyote hivi vimebanwa pamoja, isipokuwa printa.

Hapa pana kosa la kawaida ambalo tulisahihishe leo. Watu wengi huiangalia skrini na kuiita kompyuta. Skrini inaonyesha tu. Faili lako halikai ndani ya skrini. Laptopu ikianguka na kioo kikapasuka, usilie kwamba cheti kimepotea. Fundi anaweza kufunga kioo kingine na ukakuta mafaili yako yote salama. Na ukiambiwa "kioo kimekufa, kwa hiyo kila kitu kimepotea", sasa unajua la kujibu.

Kwa upande wa programu, iko moja kubwa inayoamka kwanza na kuwasimamia wengine wote. Inaitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi, na Linux pia. Chini yake ziko programu za kazi: ya kuandika barua, ya kupiga hesabu, ya kufungulia intaneti. Programu moja ya kazi ikikwama, mfumo endeshi unaweza kuifunga na nyingine zikaendelea. Mfumo endeshi ukikwama, kazi zote zinasimama.

Na jina hili la "PC", ambalo mnalisikia sokoni, maana yake ni kompyuta binafsi. Lilienea sana baada ya kampuni ya IBM kuuza mashine yake kwa jina hilo mwaka 1981. Zamani kompyuta zilikuwa mali ya serikali, vyuo na makampuni makubwa, na mtu wa kawaida hakuwa nayo mezani kwake. Hii mpya ilikuwa ya mtu mmoja. Lakini hapa kituoni jina hilo lisikudanganye. Kompyuta moja inatumiwa na watu wengi kwa siku. Mashine inaitwa binafsi, lakini si yako peke yako. Tutarudi kwenye jambo hilo.

3. KARANI, MEZA NA KABATI

Sasa tufike kwenye maneno matatu ambayo yanachanganya watu kuliko yote: prosesa, ramu na diski.

Fikiria ofisi ya uandikishaji. Yuko karani. Mbele yake iko meza. Nyuma yake liko kabati la mafaili.

Karani ndiye prosesa. Ndiye anayefanya kazi: anasoma, anajumlisha, analinganisha. Karani mwepesi, kazi inakwenda haraka.

Meza ndiyo ramu, ambayo wengine huiita kumbukumbu. Ni mahali pa kazi inayofanyika sasa hivi. Meza ikiwa kubwa, karani anaweza kufungua mafaili mengi kwa wakati mmoja. Ikiwa ndogo, kila akitaka faili jingine inabidi aondoe la kwanza, na wewe unasubiri kwenye foleni. Kompyuta yenye ramu ndogo inakuwa nzito kwa sababu hiyo hiyo. Ukifunga programu usizozitumia, unampunguzia karani vitu mezani.

Kabati ndilo diski. Hapo ndipo mafaili yanapokaa usiku na mchana, mashine iwe imewashwa au imezimwa.

Sasa sikiliza vizuri. Katika ofisi hii kuna sheria moja kali: umeme ukizimika, kila kilichokuwa mezani kinafagiliwa na kutupwa. Hakibaki hata kimoja. Kilichomo kabatini kinabaki.

Unapopiga taipu barua, maneno yako yanakwenda mezani kwanza. Unayaona kwenye skrini, na moyo wako unaamini kwamba yapo. Lakini hayajaingia kabatini. Umeandika kwa saa mbili barua ya kuomba nafasi ya chuo, betri za sola zinaisha saa kumi jioni, skrini inakuwa nyeusi. Kesho yake unawasha, na barua haipo. Hakuna aliyeiba. Haikuwahi kuwekwa kabatini.

Hili ndilo jambo la kwanza la kujua kuhusu swali "faili langu liko wapi?" Kuonekana kwenye skrini si kuwemo kwenye diski.

4. KUHIFADHI

Kitendo cha kutoa kazi mezani na kuiweka kabatini kinaitwa kuhifadhi. Vijana husema "kusevu". Kwenye skrini ya Kiingereza utasoma Save. Kwenye ya Kifaransa utasoma Enregistrer. Njia ya haraka ni kushikilia kitufe cha Ctrl na kubonyeza herufi S. Fanya hivyo kila unapomaliza aya moja. Usisubiri barua iishe.

Katika programu nyingi utaona pia kipicha cha mraba mdogo wenye kona iliyokatwa. Vijana wengi hawajui ni kitu gani. Ni picha ya disketi, kipande cha plastiki ambacho watu walikitumia zamani kubebea mafaili. Disketi ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo huenda isiingie. Disketi zimetoweka, lakini picha yake imebaki kuwa alama ya kuhifadhi.

Disketi zimetuachia na jambo jingine. Ukifungua kompyuta ya Windows utaona diski kuu inaitwa C. Wengi huuliza: A na B ziko wapi? Herufi hizo mbili ziliwekwa kwa ajili ya sehemu za kutia disketi. Diski ya ndani ilipokuja, ikapewa herufi iliyofuata. Flashi yako ukiichomeka itapewa herufi nyingine, mara nyingi D, E au F. Hakikisha unaifahamu, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama umehifadhi kwenye mashine ya kituo au kwenye flashi yako mwenyewe.

Unapohifadhi faili kwa mara ya kwanza, kompyuta itakuuliza mambo mawili: uliite nani, na uliweke wapi. Watu wengi hubonyeza tu "ndiyo" bila kusoma, halafu baada ya wiki wanakuja kusema kompyuta imelimeza faili. Haijalimeza. Imeliweka pale ulipokubali. Soma kwanza, kisha bonyeza.

Baadhi ya programu hujihifadhia nakala zenyewe kila baada ya dakika chache, na zinaweza kukurudishia kazi baada ya umeme kukatika. Ikitokea, shukuru. Lakini usiitegemee.

5. FAILI, FOLDA NA JINA

Faili ni kazi moja iliyohifadhiwa kwa jina lake: barua moja, picha moja, wimbo mmoja. Folda ni mfuko wa kuwekea mafaili, na ndani ya folda unaweza kuweka folda nyingine.

Lipe faili jina litakaloeleweka hata kwa mtu mwingine. Jina kama "barua" halikusaidii, maana hapa kituoni ziko barua nyingi. Andika jina lako, aina ya hati na mwaka. Ukiandika hivyo utalipata hata baada ya miaka mitatu.

Mwishoni mwa jina, baada ya nukta, mara nyingi kuna herufi tatu au nne. Ni kama jina la ukoo: zinakuambia faili limetoka kwa programu gani. Docx ni maandishi yanayoweza kubadilishwa. Jpg ni picha. Pdf ni ukurasa unaobaki na sura ile ile kwenye mashine yoyote. Chuo au ofisi ikikuambia "leta pdf", haitaki picha ya simu wala maandishi ya docx. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu hiyo tu. Na usizifute herufi hizo unapobadilisha jina la faili. Ukizifuta, kompyuta haitajua ilifungue kwa programu gani.

6. VIPIMO

Unga tunaupima kwa kilo. Mafaili yanapimwa kwa baiti. Kwa maandishi ya kawaida, baiti moja inatosha herufi moja. Kilobaiti ni baiti elfu moja hivi. Megabaiti ni kilobaiti elfu moja. Gigabaiti ni megabaiti elfu moja.

Tuchukue mfano. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni kilobaiti 2 za maandishi matupu. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti 4. Flashi ya gigabaiti 8 itabeba picha za namna hiyo karibu 2,000.

Kwa nini ujue hili? Kwa sababu fomu nyingi za maombi zinaweka kikomo: "faili lisizidi megabaiti 2". Ukituma la megabaiti 4 litakataliwa, na wewe utadhani umekataliwa chuo. Muombe mwalimu akuonyeshe jinsi ya kulipunguza picha.

Jihadhari pia usichanganye vipimo vya meza na vya kabati. Vyote hupimwa kwa gigabaiti. Mashine ile ya IBM ya mwaka 1981, ile ndogo kabisa, iliuzwa na ramu ya kilobaiti 16. Leo mashine ya kawaida ina ramu ya gigabaiti 8, yaani zaidi ya mara 500,000. Ukiambiwa "ina gigabaiti 256", uliza: za ramu au za diski? Kwa mashine za kawaida, jibu la kweli ni diski.

7. FLASHI, VIRUSI NA KUFORMATI

Flashi ni kabati dogo la mfukoni. Aliyesoma kwa Kifaransa anaijua kama clé USB. Ni rahisi kuibeba, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuipoteza. Cheti kilichomo kwenye flashi moja tu hakina nakala. Kimehama tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Usiichomoe flashi ghafla. Iambie kompyuta kwanza kwamba unataka kuitoa, usubiri ikubali. Karani anaweza kuwa bado anaandika, na ukimnyang'anya karatasi mkononi itachanika.

Virusi vya kompyuta si wadudu. Ni programu iliyotungwa na mtu kwa nia mbaya, ijinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Hapa kwetu njia yake kubwa ni flashi. Kuna aina moja ambayo wengi mtakutana nayo: unafungua flashi na kukuta mafaili yako yamegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo, na ukivibonyeza havifunguki vizuri. Usikate tamaa. Mara nyingi virusi vya namna hiyo vimeyaficha tu mafaili ya kweli. Yamo bado ndani ya flashi. Mpelekee mwalimu au fundi mwaminifu bila kubonyeza zaidi.

Hapo ndipo lilipo neno la hatari: kuformati. Kuformati ni kulisafisha kabati lote na kulipanga upya likiwa tupu. Wakati mwingine kompyuta yenyewe itakuuliza kama iformati flashi yako. Mtaani pia fundi mvivu atakuambia "tuiformati tu, itapona". Ni kweli, flashi itapona, lakini mafaili yako ndiyo yatakayoondoka. Jibu lako liwe "hapana", mpaka uulize kwanza kama mafaili yanaweza kuokolewa.

Neno jingine ni kufuta. Ukifuta faili lililo kwenye diski ya kompyuta ya Windows, kwa kawaida linakwenda kwenye pipa la taka, na unaweza kulirudisha. Mtu mwingine atakayekaa kwenye kiti chako naye anaweza kulirudisha. Kwa hiyo ukifuta hati ya siri kwenye mashine ya kituo, safisha na pipa. Lakini faili lililofutwa kwenye flashi kwa kawaida halipiti kwenye pipa. Linaondoka moja kwa moja.

8. NENO LA SIRI NA KIBODI MBILI

Neno la siri ni ufunguo wako. Usilitumie lile lile kila mahali. Usiweke jina la mtoto wako wala mwaka wako wa kuzaliwa, maana majirani wanavijua. Na usimpe mtu, hata akisema ametoka ofisini kukusaidia.

Sasa iko shida moja ambayo wageni kutoka Kongo na Burundi huipata sana hapa. Kibodi za Kifaransa hazijapangwa kama za Kiingereza. Herufi A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehamia pengine. Namba za juu, kwenye ile ya Kifaransa, hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha Shift. Kuna mashine ambazo vitufe vyake vimechapwa kwa mpango wa Kiingereza lakini ndani zimepangwa kwa Kifaransa. Unabonyeza A, inaandika Q. Na kwa kuwa neno la siri huonekana kama vinukta, huoni kosa. Mashine inakataa, unarudia mara tatu, mara nne, na akaunti inafungwa.

Dawa yake ni hii: kabla ya kuingiza neno la siri, andika herufi a, q, z, w na namba chache mahali panapoonekana, kwa mfano kwenye nafasi ya jina. Uone zinavyotoka, kisha uzifute. Usiandike neno la siri lenyewe hapo.

9. INTANETI, BARUA PEPE NA WINGU

Intaneti ni kompyuta nyingi za dunia zilizounganishwa pamoja. Programu ya kuitazamia inaitwa kivinjari. Chrome na Firefox ni vivinjari. Barua pepe ni anwani yako kwenye intaneti. Kwa mkimbizi ina faida kubwa, kwa sababu hata akihama kambi au nchi, anwani hiyo haibadiliki.

Mtasikia pia neno "wingu". Watu husema "hati zangu ziko kwenye wingu". Hakuna wingu. Ni diski ya kompyuta ya kampuni fulani, mbali na hapa, unayoifikia kwa intaneti. Faida yake ni kwamba moto wa hapa haufiki kule. Hasara yake ni kwamba bila mtandao huifikii, na ukisahau neno la siri mlango unafungwa. Akaunti nyingi hukurudishia neno la siri kwa kutuma ujumbe kwenye namba ya simu uliyoiandikisha. Ukipoteza laini hiyo, au ukivuka mpaka na kuitupa, unaweza kuipoteza akaunti pamoja na vyeti vyote vilivyomo. Ukibadilisha namba, ibadilishe na kwenye akaunti mapema, laini ya zamani ikiwa bado mkononi.

Na kwenye mashine ya kituo, ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Kuzima skrini si kutoka. Kufunga dirisha si kutoka. Tafuta neno Sign out, au kwa Kifaransa Se déconnecter. Kivinjari kikikuuliza kama kikukumbukie neno la siri, kikatalie. Mnakumbuka niliyosema: mashine inaitwa binafsi, lakini si yako peke yako.

10. HIFADHIDATA: NA WEWE MWENYEWE UMO

Neno hili la mwisho linamhusu hata mzee ambaye hatagusa kompyuta maisha yake yote. Hifadhidata ni orodha kubwa iliyopangwa ndani ya kompyuta ili mtu apatikane haraka. Mnaukumbuka uhakiki wa wakimbizi wa mwaka 2018 hapa Uganda, tulipoweka vidole na kutazama kwenye kifaa kilichopiga picha mboni za macho. Taarifa zile ziliingia katika hifadhidata.

Kompyuta haikisii. Kwake "Chantal" na "Shantal" ni watu wawili. "Rukia" na "Rukiya" ni watu wawili. Tarehe 05/03 kwetu ni tano Machi, lakini kwa mpango wa Marekani ni tatu Mei. Kosa la herufi moja linaweza kukufuata kutoka kwenye kadi ya chakula hadi kwenye cheti cha shule cha mtoto. Kwa hiyo unapoandikishwa, omba uonyeshwe jina lako kabla karani hajahifadhi. Omba kwa heshima, lakini omba.

Mwaka 2015 UNHCR ilitoa sera ya kulinda taarifa za watu inaowahudumia, na sera hiyo inatambua kwamba mtu anaweza kuomba kujua taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Uganda nayo ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Ukienda ofisini, usiseme "kompyuta imenikosea". Sema: "Naomba mnionyeshe taarifa zangu zilizomo katika hifadhidata, jina limeandikwa vibaya, na karatasi yangu hii hapa." Maombi yaliyotajwa kwa jina lake ni vigumu kuyapuuza.

UKITAKA KUNUNUA KOMPYUTA ILIYOTUMIKA

Uliza mambo haya, ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, mashine ikiwa imewashwa:

– Ramu ni gigabaiti ngapi? Diski ni gigabaiti ngapi?
– Diski ni ya kuzunguka au ni SSD? Ya kuzunguka huumia haraka ikitikiswa au ikianguka. SSD haina kitu kinachozunguka, na ni nyepesi zaidi kwa kazi.
– Mfumo endeshi ni upi? Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itawaka, lakini uuzaji wake usiwe kwa bei ya mashine mpya.
– Betri inakaa muda gani bila umeme? Chomoa waya uone mwenyewe.
– Kibodi imepangwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa?

KAZI YA WIKI HII

Kila mmoja achague karatasi moja ambayo hawezi kuipoteza. Aipige picha au ailete ipigwe hapa. Aihifadhi kwa jina linaloeleweka. Kisha aweke nakala tatu: moja kwenye flashi yake, moja kwenye barua pepe yake, na moja kwa ndugu anayemwamini anayeishi mahali pengine. Karatasi yenyewe aifunge kwenye nailoni.

Halafu ajiulize yale maswali matatu. Faili langu liko wapi? Nakala ni ngapi? Nani anaweza kuliona? Akiweza kuyajibu bila kubabaika, basi somo la leo limemfaa, hata kama bado hajui kupiga taipu kwa vidole viwili.

Mwenye swali asimame aulize. Asiyeweza kuuliza mbele za watu aje baada ya kipindi.